Mama Aliniamkia Shikamoo, Kopo la Rangi Akaliita Magreti

Mama yangu mzazi aliniamkia shikamoo.

Wadau, sitanii. Nilikuwa nimemletea uji asubuhi, akainuka kidogo kitini akasema, "Shikamoo, dada."

Nikabaki na bakuli mkononi. Utamwitikiaje marahaba mtu aliyekuzaa?

Naitwa Magreti, naishi Mikumi. Ndoa ilinishinda, mtoto sina. Mama alipoanza kupoteza kumbukumbu nilimfuata Kilosa nije kukaa naye kwangu, akagoma kupanda gari mpaka makopo yake matatu ya maua yapakiwe. Makopo ya rangi, yale ya lita nne. Kila ua alilipa jina la mtoto wake: Optatus, Irine, Magreti.

Sisi wenyewe ametusahau. Makopo hajasahau hata moja.

Mwezi wa nne, Magreti wa kwenye kopo akaanza kuumwa. Yale majani yake mapana yenye madoa meupe yakageuka njano, yakalala.

Mama akasukuma bakuli. "Siwezi kula, mwanangu anaumwa."

Siku ya kwanza nilibembeleza. Ya pili akanywa maji tu. Ya tatu nikaona mifupa ya mabega imetokeza chini ya kanga, nikaogopa kweli. Nikaliwekea ua samadi ya mbuzi, nikalihamishia kivulini, nikaliombea. Naombea ua, jamani, mtu mzima mimi!

Nikampigia kaka Optatus. Akasema, "Mnunulie jingine, hatajua."

Nikanunua kwa Salome, anayeuza miche kando ya barabara kuu. Lilifanana kila kitu. Mama akashika jani moja, akaniangalia.

"Huyu siyo Magreti. Magreti mmempeleka wapi?"

Hapo kichwa kikapata moto. "Magreti ni mimi! Niangalie! Mwanao ni mimi!"

Mama akajikunyata, akafunika uso kwa kanga. "Naomba usinigombeze, dada."

Nilienda kulia jikoni mpaka nikaishiwa pumzi.

Mchana Salome akaja kuliona lile gonjwa. Akabonyeza shina, likabonyea. Akanusa udongo, akakunja uso.

"Shoga, mizizi imeoza. Nani analimwagilia hivi?"

"Mimi, mara moja kwa wiki."

"Basi una mwenzio."

Tukakaa dirishani. Mama akatoka na kikombe, anashika ukuta, akammwagilia Magreti, akarudi kukaa. Dakika kumi hazikupita, ameshasahau. Akainuka tena. Magreti. Akakaa. Akainuka tena na kikombe kile kile. Magreti.

Optatus na Irine hakuwagusa.

Nikatoka, nikapiga magoti mbele yake. "Mama, mbona huyu tu?"

"Wale wana watu wao," akasema. "Huyu yuko peke yake. Nisipomwangalia mimi, nani atamwangalia?"

Miaka yote nilijua mama ananionea aibu kwa ile ndoa.

Salome akakata kipande cha juu kilichokuwa bado kigumu, akatoboa kopo matundu sita kwa msumari, tukapanda upya Mama akiangalia.

"Mbona amekuwa mdogo?" akauliza.

"Anaanza upya, Mama."

Jioni akanywa uji nusu bakuli.

Leo ni wiki ya tano, limetoa jani moja. Mama anamwagilia atakavyo, maji yanapita kwenye matundu. Mimi bado hanijui. Mimi ni dada wa uji, na sidhani kama nitarudi kuwa mtu mwingine.

Ila kila asubuhi, kabla hajatoka, nawahi kuchuchumaa nyuma ya kopo, ambalo nimelipandisha juu ya ukuta mfupi wa baraza.

"Magreti, umeamkaje?" analiuliza ua.

"Shikamoo, Mama," naitikia mimi.

"Marahaba, mwanangu."

Wewe ambaye mama yako bado anakujua kwa sura, acha kumtumia meseji za salamu. Nenda ukamwamkie, akuitikie ukimwona usoni. Mimi marahaba yangu naipokelea nyuma ya kopo la rangi.