Nilimshona Kogo Masikio

Mimi ndiye mwenye makosa. Naanza na hilo ili mtu asisome hadi katikati akidhani nitamsukumia mwingine lawama. Kompyuta haikunikosea, wala hakuna mteja aliyenituma. Ni mikono yangu hii, na sasa imechoka hata kushika kipanya.

Jina langu msiulize. Jueni tu kwamba mimi ni mchoraji wa kompyuta, wale mnaowaita graphic designer, hapa Nakuru mjini. Natengeneza logo za saluni, mabango ya krusedi, kadi za harusi, menyu za wauza nyama wa Kikopey, na zaidi ya yote, programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu jaladani. Wanaooa siku hizi ni wachache, lakini wanaokufa hawapungui.

Watu huniuliza hizo rangi na mitindo huwa naitoa wapi. Zamani nilikuwa na jibu zuri. Nilisema nimeitoa kwa Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, kwa shanga alizokuwa akishonea mikanda ya vibuyu vya maziwa. Aliweka nyekundu, akaitazama, akaitoa, akasema ikikaa karibu na ile ya machungwa zitagombana. Hilo ndilo lilikuwa darasa langu la kwanza, na hakuna karo niliyolipa.

Siku hizi jibu ni lingine. Mteja akija nafungua mtandao, natazama wenzangu wa mbali wamefanya nini, nachota kona hapa, herufi pale, halafu nasafisha. Kazi yangu imekuwa kusafisha. Chunusi, toa. Waya wa stima nyuma ya bibi harusi, toa. Shemeji aliyekosana na familia, toa. Ukifanya hivyo miaka mingi jicho linaharibika. Nikikutana nawe barabarani, cha kwanza ninachoona ni kile ningekitoa.

Sasa sikilizeni kuhusu masikio.

Wasichana wa rika la Kogo walitobolewa ndewe, zikavutwa polepole kwa vijiti na shanga hadi zikaning'inia karibu na mabega. Baadaye kanisa lilipoingia sana kwetu Rongai, wenzake wengi walikwenda hospitali wakashonwa. Kogo alishauriwa na mchungaji, akashauriwa na binti zake, hakusikia ndewe wala sikio. Alisema watoto wake wote walinyonya wakishikilia hayo masikio, na Mungu alikuwa akiona na hakusema kitu.

Nilipokuwa sekondari alikuja shuleni siku ya wazazi. Kijana mmoja akasema nyanya yangu anaweza kutundika kikombe sikioni na chai isimwagike. Bweni zima likacheka. Nami nikacheka!

Likizo ilipofika nilimwomba siku nyingine afunge kitambaa vizuri. Hakuuliza kwa nini. Tangu hapo kila alipokuja mjini alikuja amejifunga hadi chini ya kidevu, hata jua la Januari likiwaka. Sikuwahi kumwambia afungue.

Picha yenyewe niliipiga mwaka wake wa mwisho. Alikuwa ameketi nje ya jikoni kwenye kiti cha plastiki, mahindi yameanikwa nyuma yake. Nilipotoa simu akauliza kama atoe kitambaa. Nikamwambia vile anapenda. Akakitoa, akakikunja magotini, akayaleta masikio mbele ili yaonekane, akatabasamu na pengo lake la meno ya chini. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, na wakati ule sikujua.

Kogo alipofariki, hakuna aliyetafuta mtu wa kutengeneza programu. Walisema kijana wetu yuko. Picha nyingine ya uso wake ilikuwa kwenye kitambulisho, na hicho tulikirudisha serikalini tulipochukua kibali cha kuzika. Zilizobaki ni za harusi za watu, Kogo amesimama nyuma, kitambaa hadi kidevuni. Hata hizo niliziharibu mimi, mkizingatia.

Basi ikabaki ile moja. Niliketi nayo ofisini mchana, mtu wa kuchapisha ananipigia simu akiniharakisha, macho yananiwasha kwa kulia. Nikafanya vile mikono imezoea. Mahindi nikayatoa, nikaweka anga na maua meupe. Makunyanzi nikayapunguza. Pengo nikalijaza meno. Halafu nikafika masikioni.

Kompyuta za sasa zina kitufe cha ajabu. Unazungushia mahali, unaandika unachotaka, mashine inajaza. Nilizungushia masikio ya Kogo, nikaandika: masikio ya kawaida. Jamani, kawaida ya nani? Ikaniletea masikio madogo, laini, pamoja na vipuli vya lulu ambavyo hata sikuomba. Nitasema ukweli wote kwa kuwa ndio nimekuja kusema. Nilipoyaona nilifurahi. Nilijiambia leo hakuna atakayecheka.

Kisha nikahifadhi kazi juu ya picha yenyewe. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba unatoa nakala, unafanyia kazi nakala, picha ya kwanza huigusi. Ni somo la siku ya kwanza. Ile ya kwenye simu nilikuwa nimeshaifuta, maana simu ilijaa mabango ya wateja.

Mazishini programu ilisifiwa sana. Shangazi alinikumbatia akasema nimemtoa vizuri, amekaa kama mke wa askofu. Kabla hata jeneza halijashushwa, jamaa mmoja aliniita kando. "Boss, ni wewe umetengeneza hii? Hebu niachie namba." Nikamwachia namba, kaburi la Kogo likiwa wazi.

Babu, mume wa Kogo, alikuwa ameketi mbele kabisa. Macho yake ni hafifu, akisoma husogeza karatasi hadi ikaribie pua. Alitazama jalada, akafungua ndani, akarudi jaladani. Akamgusa baba yangu akamuuliza huyu ni nani. Baba akamwambia ni Mama. Babu akasema hapana, akaomba niitwe.

Alinisemesha kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, asiniaibishe mbele ya wageni.

"Kijana wangu, umechanganya picha. Kuna watu mahali wanazika mama yao leo, na wameshika picha ya Kogo. Watafute. Wape yao, watupe yetu."

Ningeweza kusema pale pale. Aliniachia nafasi, na hata sauti aliniazima ya kusemea. Lakini watu walikuwa wengi, na sifa bado zilikuwa za moto masikioni. Nikamjibu, "Ndiyo, Babu, zilichanganyika. Nitawatafuta."

Uongo huo ndio ulionimaliza, kuliko hata ile kazi ya kompyuta.

Kwa sababu Babu hakusahau. Kila nilipopiga simu nyumbani aliomba apewe, na baada ya salamu aliuliza kama nimewapata wale watu. Nikasema ni watu wa Gilgil. Aliporudia nikasema mwenye picha anafanya kazi kwenye umeme wa mvuke kule Olkaria, hapatikani kwa urahisi. Uongo ukishauzaa, lazima uulishe.

Siku moja akaniuliza yule mama yao aliitwa nani. Nikasema jina la kwanza lililonijia, Tabitha. Kumbe alitaka jina la kuombea. Baba akaniambia baadaye kwamba kila jioni Babu alikuwa akimaliza kumwombea Kogo, anamwombea na Tabitha wa Gilgil, na watoto wake waliozika wakiwa na picha isiyo yao.

Mzee wa watu anamwombea mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa! Mimi huku nakula, nalala, natoza watu kazi ya kurembesha marehemu wao.

Nilijaribu kurekebisha. Fundi wa kompyuta alichimba kila mahali pa kuchimba, akaniambia hakuna kilichobaki. Nikarudi kwa kile kitufe changu, nikaiomba mashine irudishe masikio yaliyovutwa. Ikaniletea ya wanawake wa matangazo ya utalii, yamejaa mapete ya shanga, yamepangwa sawasawa kushoto na kulia. Nikaiambia hapana. Ikaleta mengine. Iliyaleta mengi, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

Nikaona afadhali nichore kwa mkono, si mimi ndiye mchoraji. Nikashika kalamu. Sikio gani lilikuwa refu kuliko jingine? Lile lililokuwa na kovu lilikuwa la upande gani? Niliketi pale nikitafuta, nikakuta sina. Miaka yote ile nilipoongea na Kogo nilikuwa natazama pembeni. Mtu atachora vipi kitu alichokuwa akikikwepa?

Mwishowe nikachukua yale ya mashine yaliyokaribia kidogo, nikayabandika, nikachapisha kwenye karatasi nzuri, nikaenda Rongai. Ndiyo, nilienda kumdanganya mara ya pili. Nilimkuta Babu nje anaota jua. Nikampa, nikamwambia wale watu wamerudisha.

Aliisogeza usoni, akakaa nayo muda mrefu. Kidole chake kikapita kwenye shavu, kikashuka kwenye sikio, kikasimama hapo.

"Na huyu naye ni nani?" akauliza.

Hapo uongo uliniishia. Si kwamba nilikuwa mwema ghafla, nilikuwa nimechoka. Nilikaa chini kwenye nyasi nikamwambia yote: kitufe, lulu, kuhifadhi juu, Gilgil, Olkaria. Nikamwambia hata lile la bweni na kikombe, ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilingoja anipige na fimbo yake, na ningeshukuru.

"Kwa hivyo Tabitha hayuko," akasema.

"Hayuko, Babu."

"Na mimi nilikuwa nawahurumia wale watoto wake."

Akanirudishia karatasi. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa tu, "Yale masikio yalikukosea nini?"

Alimwita shangazi aniletee chai, nikainywa na ilikuwa chungu ingawa ilitiwa sukari.

Kufikia siku hiyo shangazi alikuwa ameshatia ile picha ya mazishi kwenye fremu kubwa. Alitaka kuitundika chumbani kwa Babu, juu ya kitanda, akiamka amwone mke wake. Babu alikataa.

"Wekeni sebuleni," alisema. "Huyo ni mgeni, na wageni hukaa sebuleni."

Shangazi alicheka akidhani ni mzaha wa wazee. Akaitundika sebuleni, na iko hapo hadi leo, maua meupe na lulu zake.

Babu hajanifukuza. Nikienda ananisalimia vizuri, anauliza habari za kazi. Lakini ile ya kuuliza kama nimewapata wale watu imekwisha, na sikudhani ningekuja kuikosa. Alipokuwa akiuliza, angalau alikuwa bado anatumaini.

Linaloniumiza zaidi nimelitambua juzi. Nilifumba macho nimkumbuke Kogo, akaja yule wa fremu. Nikamfukuza, akarudi. Nilimuuliza baba kama na yeye humwona hivyo, akatazama ukutani akasema si ndivyo alivyokuwa. Shangazi huwaambia wageni hivyo hivyo. Watoto wetu wakiingia wanaonyeshwa, wanaambiwa huyu ndiye Kogo, na wao wanampungia mkono.

Amebaki Babu peke yake anayemjua, na Babu ni mzee sana. Siku akienda atamchukua Kogo wa kweli amzike naye, na sisi tutabaki na mgeni sebuleni, tukimwita nyanya.

Basi wewe unayesoma, kama bado una wako aliye hai, usinihurumie, sina haja. Nenda kwake. Mwambie atoe kitambaa kama anataka, afunge kama anataka, mpige picha na mahindi yake nyuma na pengo lake mdomoni. Itume kwa ndugu zako wote siku hiyo hiyo, hata wale msioongea. Halafu usimpe mtu kama mimi.