Kidole cha Mama Mdogo

Mama mdogo hupima udongo kwa kidole cha shahada. Hukizamisha mpaka kiungo cha pili, halafu hukinusa. Hata fundi alipomfungia vipima unyevu vinavyofungua maji vyenyewe, bado alichomeka kidole pembeni ya kila kimoja: "Tuone nani mwongo." Mwaka jana, kabla ya vipima hivyo, alilazwa siku mbili tu, nyanya zote zikakauka. Safari hii alilazwa siku tano, jua kali, na sisi sote tulishinda naye wodini. Aliporudi hakuingia ndani. Alipitiliza shambani na plasta ya sindano mkononi, akazamisha kidole kwenye tuta la kwanza, la pili, la tano. Kote kubichi. Akashusha pumzi kama aliyetua mzigo wa kuni, akakipapasa kipima kilichokuwa pembeni.

"Niletee kiti, mwanangu. Leo nakaa tu, nimtazame mwenzangu akifanya kazi."