Nimewekewa msalaba wa marehemu kwenye kitabu cha ukoo na bado napumua

Wakuu, walionizidi umri nawaamkia, ila sidhani kama mpo wengi humu. Mliobaki, marahaba.

Mimi ni bibi wa Kawajense, Mpanda. Shule niliishia la tatu, kusoma nasoma polepole, kuandika ndiyo hivi kwa kidole kimoja. Lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Ukoo wa marehemu mume wangu, Sipriani, asili yao ni Mpimbwe. Mwaka huu wakakubaliana kiandikwe kitabu cha ukoo. Majina yote yametoka mdomoni kwangu, kuanzia babu yao mkubwa mpaka kichanga cha juzi. Siku tatu nimekaa steshenari pale mjini, binti anaitwa Jenifa anachapa, mimi nasema.

Kitabu chenyewe si cha pambo. Msimamizi ni shemeji yangu Filbert, mdogo wake Sipriani. Alishatangaza kikao cha ukoo Jumamosi, kwamba yataitwa majina ya walio hai kitabuni, na aliyeitwa ndiye mwenye neno juu ya mashamba.

Na mimi nina shamba la mpunga kule, aliniachia Sipriani. Filbert analitamani tangu msiba.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa kwa kompyuta yenyewe. Jenifa alibonyeza mara moja, majina ya kina baba wote yakanenepa. Akabonyeza tena, wake wote wakasogea ndani kidogo, chini ya waume zao. Nikamuuliza umewagusa saa ngapi watu wote hao?

Akacheka. "Bibi, hiyo inaitwa staili. Mimi naiambia staili, staili inayaambia majina."

Mimi mpunga napandikiza mche mmoja mmoja. Kitu kinachopewa amri moja kikagusa watu mia, nakiogopa. Hata mwenyekiti wa mtaa hana nguvu hiyo.

Ijumaa asubuhi Filbert akanitumia ujumbe. Nisijisumbue kwenda mjini, yeye ameshapitia kila ukurasa, kiko sawa, kinachapwa leo.

Hapo ndipo nikavaa viatu.

Jenifa akanifungulia. Marehemu wote wamewekewa kimsalaba mbele ya jina, Filbert aliagiza jana yake. Vizuri. Sipriani, msalaba. Nikashuka mstari mmoja. Yustina, msalaba.

Yustina ni mimi.

Nikaendelea kupitisha kidole. Anastazia wa marehemu Leonsi, msalaba, na asubuhi ile nilimwacha anapepeta mchele. Perpetua wa marehemu Kasiani, yuko Ugalla na mizinga yake ya nyuki, msalaba. Wenye waume hai hawana kitu. Ni wajane tu. Wajane wote, na wote tuna mashamba.

Wakuu, ingekuwa nyie mngefikiri nini?

Nikamwambia Jenifa, "Mama, Filbert amekupa nini ili utuzike?"

Akaapa hajapewa kitu, akaanza kutafuta. Kumbe alipotengeneza staili ya wajane hakuianza upya. Aliizalisha kutoka kwenye staili ya marehemu, kwa sababu sisi tunaandikwa chini ya marehemu wetu, na alitaka kuokoa muda. Sasa staili mtoto inarithi kila kitu cha mzazi wake. Msalaba aliuweka kwa marehemu tu, ukateremka wenyewe mpaka kwetu, na yeye hakurudi kukagua.

Sikumwamini. Nikamwambia fanya nione. Akautoa kwa Sipriani na wangu ukatoka. Akaurudisha, wangu ukarudi. Akaweka nyota, na mimi nikapata nyota. Nilimrudisha mara nne ndipo nikakubali kwamba mashine haikuwa na nia mbaya.

Lakini mashine haina macho. Filbert anayo, na alisema amepitia kila ukurasa.

Nikampigia palepale, nikaweka spika Jenifa asikie. Nikamuuliza ukurasa wa Sipriani ameuonaje. Akasema mzuri sana. Na mimi nimekaaje hapo?

Akajibu, "Shemeji, mambo madogo hayo, watu si wanajua kuwa uko hai?"

Sikuwa nimetaja msalaba. Wala kufa.

Nikakata simu, nikamwambia Jenifa tutenganishe. Akafungua kidirisha, pale pa mzazi wa staili akachagua hakuna. Misalaba ikatutoka wajane wote. Tumebaki chini ya waume zetu kama desturi, ila sasa tunajitegemea. Kisha nikapitisha kidole jina kwa jina mpaka saa tisa alasiri, ndipo nikaruhusu kichapwe.

Jumamosi msomaji alikuwa Filbert mwenyewe. Alipofika kwa marehemu Sipriani akafunua ukurasa mwingine haraka.

Nikasimama. "Umeruka mstari, shemeji. Soma."

Akasoma. Nikaitika nipo. Anastazia naye akaitika. Perpetua, aliyefika usiku kutoka Ugalla, akaitika. Shamba ni langu, na msimu huu naenda kulima mwenyewe.

Nilichojifunza: nyie wa kazi za kompyuta, ukigusa mzazi nenda kakague na watoto. Na wewe ambaye jina lako limo, usikubali kuambiwa kiko sawa. Nenda na kidole chako.

Sasa naomba wanaojua mnisaidie. Hizo staili kuna namna ya kuzifunga mtu asiziguse tena? Maana Filbert anasema kitabu kinahitaji marekebisho kidogo, na juzi nimemwona anatoka steshenari.