Aliyeitia Isiolo Nzima Kwenye Kanda Moja

Habari ilinifikia hapa ofisini kwa simu, sauti ya shemeji yangu wa Isiolo ikikatikakatika kwenye waya: "Yule rafiki yako wa kamera, Mungu amemchukua. Tumemzika jana alasiri." Sikuwahi mazishi, na hilo linaniuma. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mtu wa kumsifu marehemu kwa sababu tu amekufa. Bwana huyu alikuwa mbishi, hakuwahi kufika popote kwa wakati, na ukimwalika chakula alikula huku akikueleza jinsi mwanga wa dirisha lako ulivyo mbaya. Hata hivyo leo nataka kumshangilia kuliko kumlilia, maana aliondoka akiwa ameshinda.

Miaka ya sabini tulimjua kama mpiga picha wa mtaa. Ukitaka picha ya kitambulisho ulikwenda kwake mtaa wa Kiwanjani, ukaketi kwenye kigoda mbele ya shuka la buluu, ukakatazwa kucheka. Kisha kaka yake aliyefanya kazi Uarabuni akamletea kamera ya video, lidude la kubebwa begani, na tangu siku hiyo hakutaka tena picha zisizotembea. Alirekodi akina mama wa Kiborana wakiimba harusini, kwaya ya Waturkana, vijana wa mjini na magitaa yao. Kati ya wimbo na wimbo alipachika vijifilamu vyake vya dakika chache, visivyo na neno hata moja. Nilimuuliza kwa nini watu wake wote ni mabubu. "Nikiweka Kiborana, Mturkana atalala," akanijibu. "Nikiweka Kimeru, Msomali atatoka nje. Wacha waone tu." Ninachokipenda zaidi ni kile cha mama muuza maziwa ya ngamia anayeshinda sokoni akimfukuza mbuzi yule yule. Mwishowe mbuzi ndiye anayeshinda.

Ndoto yake ilikuwa kanda moja yenye kazi zake zote, ambayo familia ingeiweka kabatini pamoja na picha za harusi. Lakini nani angeitaka? Ukumbi wetu wa video ulionyesha karate na filamu za Kihindi, basi. Mwenye ukumbi alimpa alasiri moja ya Jumamosi, kwa sharti. "Watu yangu wanataka mateke," alimwambia. "Wakitoka, usiniletee hiyo kanda tena." Rafiki yangu alijua vizuri kwamba Isiolo ikimkataa, hakuna mji mwingine utakaomtaka, na kazi iliyobaki ni kurudi kwenye shuka la buluu.

Kanda ilimalizika kwa wimbo wa kijana Mturkana wa Oldonyiro, akimsifu maksai wake. Asiyewajua wafugaji hao aelewe jambo hili: kijana huwa na maksai mmoja aliye roho yake, humtungia wimbo akitaja rangi na pembe zake, na hata yeye mwenyewe huitwa kwa jina la maksai huyo. Sasa bwana wetu, kwa kuogopa vumbi la barabara ya Oldonyiro, alikuwa amerekodi wimbo mjini, kisha akaazima ng'ombe wa kuonyesha pale soko la mifugo. "Rangi ni ile ile," aliniambia. "Nani atajua?" Mtoto wa mjini huyo! Jumamosi hiyo, ng'ombe alipotokea tu kwenye televisheni ya ukumbi, mzee mmoja wa Kiturkana aliruka kutoka kwenye benchi. "Simamisha hii kitu! Hii si ile ngombe! Hii pembe imetoka wapi? Hii ni ngombe ya kuchinjwa!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwimbaji, aliyeketi mbele na marika wenzake, akajifunika uso kwa blanketi. Ilikuwa kama kumwimbia bibi harusi wako huku watu wanaonyeshwa mwanamke mwingine. Akasimama, akamwambia rafiki yangu, "Umenifanya muongo mbele ya watu yangu. Toa wimbo yangu." Watu wakatoka, na mwenye ukumbi akarudisha karate.

Nilidhani amekwisha. Kumbe asubuhi iliyofuata alipanda lori la wafanyabiashara wa mifugo lililokuwa likirudi Oldonyiro, kamera ameifunga ndani ya shuka, mwimbaji kando yake amenuna. Kijana alikuwa amekubali jambo moja tu: kumwonyesha maksai; kuimba, hapana. Yaliyobaki ameniambia kijana mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wamehama kufuata majani, kwa hiyo walitembea. Betri ilikuwa moja na umeme hakuna. Walipomfikia maksai, rafiki yangu hakuigusa kamera. Alichuchumaa akasema, "Nionyeshe mimi kwanza. Unampendea nini?" Kijana akaanza kueleza, akaeleza hadi ng'ombe wakafika majini, na hapo, bila kuambiwa na mtu, akaimba. Ndipo kamera ikawashwa. Betri ilizimika ubeti wa mwisho ukiendelea, na rafiki yangu aliuacha mwisho huo ulivyo.

Mwenye ukumbi alikataa katakata kuiweka tena. Aliyemgeuza ni yule yule mzee wa kwenye benchi, aliyekuja na wenzake wakajaza mlango. "Weka ile ya huyu mtu ya kamera," alisema. "Nimesikia ameenda mpaka kule." Ikawekwa. Maksai akatokea, akainua kichwa, maji yakimdondoka mdomoni. Kisha mzee: "Ehee! Ndiyo hii! Ndiyo yenyewe!" Vijana wa Kiturkana waliinuka, mikono juu kama pembe, wakaimba pamoja na kanda. Wafanyabiashara wa Kisomali wakapiga makofi. Akina mama wa Kimeru waliacha miraa yao mlangoni wakaingia. Picha ilipozimika walipiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" na ikarudishwa mpaka mashine ikapata moto. Nilikuwepo, nikalia kwa furaha bila aibu. Muda si mrefu kanda ile ilikuwa ndani ya nyumba nyingi za Kiwanjani, na wauza mifugo waliibeba hadi Garbatulla.

Tumezoea kuambiwa, hasa na wakubwa wa mijini, kwamba watu wetu hawapendi vya kwao. Mimi nimewaona wakivikataa na nimewaona wakivililia, wiki chache tu kati yake, ndani ya ukumbi ule ule. Walichokataa ni kutazamwa kwa mbali na mtu anayedhani hawatajua. Kwa hiyo ninyi wenye kamera, na sisi wenye kalamu, tunaojitia kuwaonyesha wananchi sura zao: tupande lori, tule vumbi, na tukifika, tukae chini tuulize kwanza wanapenda nini.