Jetski ya Emilian

Singida ukisema unaunda chombo cha majini, watu wanakuangalia macho kwanza kama ni mekundu, kisha wanakutafutia kivuli ukae. Alute alishayazoea hayo. Alikuwa fundi wa mashine za kukamua alizeti, mwenye gereji ya mabati jirani na stendi, na maishani mwake hakuwahi kushughulika na kitu kinachoelea isipokuwa kata ya kunywea maji. Aliyemtia kwenye balaa hilo ni Emilian wa Mtinko, mtoto wa shangazi yake.

Emilian alikuwa amefanya kazi Dar, kwenye hoteli ya ufukweni. Kazi yake ilikuwa kuosha jetski za wageni, zile ambazo mtu anapanda akiwa amesimama wima na kukata maji kama ana kesi nayo. Aliziosha, akazikausha, akazisukuma majini na kuzivuta nchi kavu. Kupanda hakuruhusiwa. Figo zilipoanza kumsumbua akaagwa kwa keki na hotuba, na yeye, badala ya kulia kama walivyotarajia, akaomba bodi moja iliyopasuka waliyotaka kuitupa. Aliipakia kwenye lori lililokuwa likirudi Singida kufuata mafuta ya alizeti. Injini na pampu aliziokota kwa wauza vyuma chakavu, akavishusha vyote mlangoni kwa Alute.

"Binamu, si unajiita fundi? Nataka nisimame juu ya ziwa Singidani mara moja tu. Nikianguka, heroe wacheke."

Alute akamjibu kwamba heroe ni ndege wenye adabu, hawacheki maiti. Ndivyo walivyosalimiana tangu utoto. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na hao wawili hawakuwahi kuambiana neno la heshima hata kwa bahati mbaya. Lakini daktari alikuwa amemwambia Emilian, bila utani wowote, kwamba miguu ndiyo itakayoanza kumkimbia. Alute alilijua hilo. Ndiyo maana alizisogeza mashine za wateja pembeni.

Kwenye jetski injini inakaa mbele, pampu nyuma, na kati yao inapita shafti inayoizungusha pampu. Vyote vitatu lazima vilale kwenye mstari mmoja. Injini ikipanda kwa unene wa ukucha tu, shafti inatikisika na beringi inakufa. Alute aliilaza bodi juu ya matofali, mawili mbele, mawili nyuma, kwenye sakafu ya zege. Akafunga pampu kwa boliti na gundi. Akakata vibati kutoka kwenye makopo ya soda, akavipachika chini ya injini kimoja kimoja, mpaka shafti ikazunguka kwa kusukumwa na kidole. Akajisifu mwenyewe, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumsifu.

Kosa lake lilikuwa kosa la mtu wa alizeti. Mashine ya alizeti ukishaifunga kwenye zege, inazeeka na zege lake. Bodi ya jetski ni laini. Pale juu ya matofali ilikuwa imelegea katikati kama kitanda cha kamba, na Alute alinyoosha mstari wake ndani ya bodi iliyobonyea. Walipoifikisha Singidani, maji yakaibeba tumbo lote, bodi ikajinyoosha, mstari ukapinda. Injini ilipowaka, chombo kizima kikatetemeka kama mlevi anayetafuta funguo.

Ufukweni kulikuwa na watu na simu zao. Alikuwepo hata bwana mmoja wa ofisini, aliyekuja kutoa maneno machache kuhusu fursa za ziwa, akayatoa mengi. Emilian alikuwa ameshaingia majini, suruali imekunjwa, jaketi la kuelea kifuani.

"Niachie nipande."

"Inatetemeka."

"Hata mimi natetemeka, binamu. Twende hivyo hivyo."

"Beringi itakufa."

"Beringi zinauzwa."

Alute alizima injini. Aliona kazi yake ikigongagonga katikati ya ziwa, kwenye simu za mji mzima, akashindwa kuvumilia. Wakairudisha gereji.

Gundi ilikuwa imekauka, kwa hiyo pampu ilibidi ikatwe. Safari hii aliilaza bodi juu ya magunia ya mchanga, libebwe tumbo lote kama maji yanavyobeba, akaanza upya. Mwanzoni Emilian alikuja kwa miguu kumsimanga, akimuuliza kama shafti anainyoosha au anaifuga. Baadaye akawa anakuja kwa bodaboda na kusimanga akiwa amekaa. Kisha hakuja tena. Alikuja mkewe, Jesca, akasimama mlangoni.

"Shemeji, ile siku ya kwanza, ilikuwa inakwenda?"

"Ilikuwa inakwenda, ila kwa kutetemeka."

"Basi ilikuwa inakwenda," alisema Jesca, akakaza kitenge chake na kuondoka.

Ilipokamilika, walimleta Emilian ziwani kwa pikapu. Vijana wawili walimshika makwapani, wakajaribu kumsimamisha. Miguu ilikuwa imevimba, ikakataa. Wakamweka kwenye kiti cha plastiki, maji yakimlamba vifundo. Alute akaishika jetski usukani, akaiwasha. Ilinguruma laini, bila mgongano wowote, na maji nyuma yake yakatoka yamenyooka. Emilian akasikiliza huku amefumba macho.

"Imenyooka," alisema.

Alute akasubiri tusi lifuate. Halikufuata. Hapo ndipo alipoelewa kwamba binamu anaaga, akazima injini, akajifanya anatafuta spana majini.

Emilian walimzika kwao, Mtinko. Kwenye msiba mtani ana kazi yake: anamsema marehemu ovyo, anadanganya, anagombania kaburi, ili waliofiwa wapate pa kupumulia. Jeneza lilipokwisha kushushwa, watu wote wakamgeukia Alute. Wengine walishaanza kutabasamu. Hata katekista alifunga kitabu chake.

"Huyu alitaka kusimama, mimi nikamkalisha," alisema Alute. "Chombo kilikuwa kinakwenda. Nilimzuia kwa sababu ya beringi."

Wakacheka. Mama mmoja akasema binamu huyu mwongo hafai, na kicheko kikapanda. Alute akarudia, polepole, neno kwa neno, ili wamwelewe. Wakashika mbavu. Mtani anayeng'ang'ania uongo wake ndiye mtani bora, na wazee walikubaliana kwamba hawajapata kumwona akiifanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Jesca peke yake hakucheka. Alimtazama Alute, akasema kwa sauti ya chini kwamba shemeji apewe jembe, watu wamalize kufukia.