Majivu Chini ya Tangi la Ndege

Mwezi uliopita nilikwenda Natta kumjulia hali mke wa jirani yetu wa zamani. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha muda mfupi tu, na pembeni mwa jiko lake lilikuwapo sanduku la alumini, refu kama mkono wa mtu mzima, likipokea maji yaliyochuruzika kutoka kwenye bati. Nililitambua kabla hata ya kumwamkia mwenye nyumba. Niliposema shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimemfuata yeye au nimelifuata tangi langu. Swali lilikuwa la haki, ndugu msomaji, na ili ulielewe sina budi kukurudisha hadi mwaka niliokuwa darasa la tatu.

Jirani huyo alikuwa fundi magari, mzaliwa wa Nyanungu, aliyehamia kwetu Natta kwa ajili ya kazi katika kambi za watalii. Huko kambini aliziona ndege ndogo zikitua kwenye nyasi, akazitazama kwa makini ya fundi, na hatimaye akaanza kuunda ya kwake uani, kwa mabati ya alumini, misumari ya ribiti, na injini aliyoihangaikia misimu mitatu. Harufu ya ua ule ningali nayo: petroli, samadi, na ugali wa mtama uliosongwa hatua kumi kutoka bawa la kushoto.

Hatua hizo kumi ndizo zilizozua mambo. Tangi la mafuta lilivuja, tone baada ya tone, pale bomba la kutolea petroli lilipoungana na sakafu yake. Mkewe, aliyepika kwa kuni, alitoa sharti mbele ya bibi yangu awe shahidi: ndege iruke au isiruke, hilo halimhusu, lakini tangi likizibwa kisha likavuja tena, mabati yote yang'olewe, yaezeke jiko lake, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la nyasi. Jirani alikubali. Kukubali jambo mbele ya bibi yangu kulikuwa sawa na kulitia sahihi.

Shahidi huyo ndiye aliyeombwa pia kuwa fundi. Bibi alisifika kwa kuziba vibuyu vya maziwa. Kibuyu kikipasuka, alikishona kwa uzi wa katani, akakandika nta ya nyuki juu ya mshono, akakijaza maji na kukitundika tangu asubuhi hadi ng'ombe warudipo. Kisipodondosha, kimepona. Hivyo ndivyo walivyolifanyia tangi. Jirani alifungua skrubu tano za kipimo cha mafuta, akakitoa pamoja na boya lake, akachomoa bomba, bibi akakandika nta ya moto kwenye maungio, kisha bomba likarudishwa. Wakalijaza maji. Ng'ombe walirudi, ardhi ilikuwa kavu, na sisi watoto tukapewa asali iliyobaki kwenye masega.

Kesho yake tangi lilijazwa petroli. Kabla ya saa kumi lilikuwa likidondosha kuliko mwanzo, na chujio la mafuta lilizibwa na utando wa manjano.

Watu wazima hawakukosa maelezo. Mmoja alilaumu skrubu, mwingine jicho la mpita njia. Mimi nilisumbuliwa na swali moja: tundu lililoyazuia maji limeiachiliaje petroli? Nilichukua vichupa viwili vya dawa, nikatia kipande cha nta katika kila kimoja, kimoja nikakijaza maji na cha pili petroli niliyoikinga chini ya tangi lenyewe. Nilipotoka shule, nta ya kwanza ilikuwa vilevile. Ya pili ilibonyea kama siagi na kuichafua petroli yote. Nikampelekea bibi kichupa hicho. Alikitia kijiti, akanusa.

"Kibuyu nakijua," alisema. "Hiki kinachokunywa petroli sikijui."

Nimeketi katika mikutano mingi ya wasomi tangu siku ile, na sentensi hiyo ya pili nimeisikia mara chache sana.

Mke wa jirani alidai mabati yake. Mumewe akajitetea kwamba sharti halijavunjwa, kwa kuwa siku ile hawakuziba tangi, waliziba kibuyu. Mama yule alijaribu kununa, kicheko kikamshinda.

"Haya, sasa ziba tangi," alisema. "Mara moja tu."

Wokovu ulitoka kwa kaka wa mama huyo mwenyewe, aliyefanya kazi kwenye karakana ng'ambo ya mpaka, na aliyekuja kupitia Sirari na makopo mawili ya gundi isiyoliwa na petroli, moja nyeupe na moja nyeusi. Masharti yake yalikuwa machache. "Shem, hii kitu haitaki haraka. Changanya mpaka rangi ikuwe moja."

Haraka haikuwapo. Nta ilikwanguliwa kwa kijiti bapa cha mti, kwa maana chuma kingekwaruza alumini. Tangi lilisuuzwa kwa maji ya sabuni mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na hapo bibi alirudi kwenye ujuzi wake: aliamuru lifudikizwe siku tatu, midomo wazi, lipigwe na upepo, kama kibuyu. Shemeji alikiri kwamba hata kwao hufanya vivyo hivyo.

Gundi ilipaswa kupakwa kwa ndani, kuzunguka mzizi wa bomba, na njia pekee ilikuwa tundu la kipimo, pana kama mdomo wa kikombe cha chai. Mkono wa jirani haukupita, wala wa mkewe. Wangu ulipita. Walinivika mfuko wa plastiki, wakaufunga kwenye kifundo, nami nikapaka nisichokiona, nikihesabu ribiti kwa ncha ya kidole. Nilipokuwa nikitoa mkono, kidole gumba kiliteleza na kubonyeza ukingo wa gundi. Ningeweza kunyamaza. Nilimtazama mama yule aliyesimama akisubiri jiko lake, nikamtazama mumewe, nikasema.

"Kishimo kimefika kwenye bati?" jirani aliuliza.

Nikarudisha mkono, nikapapasa. Hakikufika.

"Basi kiache hapohapo."

Baada ya juma zima petroli ilimiminwa. Mke wa jirani alichekecha majivu yake laini kabisa, akayatandaza chini ya tangi, kwa sababu kwenye majivu hata tone moja haliwezi kukanwa. Aliyakagua siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya tatu aliyachota kiganjani, akayapuliza, yakapeperuka yote. Kisha akachukua mafiga yake, moja moja, akayahamishia nyuma ya nyumba, mbali na ndege.

"Washa," alimwambia mumewe.

Ndege ilikimbia malishoni, ng'ombe wakatawanyika, na mimi niliona mwanga chini ya magurudumu kwa muda wa kutamka jina lako. Wengine husema ni kichuguu kilichoirusha. Baadaye maofisa walifika, wakaeleza kwa upole habari za vibali, na jirani, mtu wa taratibu, hakuiwasha tena. Kabla hajafariki aliyang'oa mabati kwa mikono yake na kumwezekea mkewe jiko.

"Lile tangi lako halijavuja hata siku moja," mama yule aliniambia mwezi uliopita, akinimiminia uji. "Lingevuja, ningepata jiko mapema."

Alipoingia ndani kuchukua sukari, niliinama na kujaribu kuingiza mkono katika tundu la kipimo. Ulikwama kwenye vifundo vya vidole. Maji yalikuwa ya baridi. Bibi hayupo, jirani hayupo, malishoni pamepandwa mahindi. Na kile kishimo cha kidole gumba kipo palepale gizani, kimezungukwa na maji, na mkono uliokifanya ndio usiopatikana tena.