Mashine Tatu na Mkono Mmoja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, chai ikiwa bado ya moto mno kunyweka, mama mmoja mwembamba anakaa wima kwenye kiti cha jikoni, miguu yote miwili sakafuni, mkono wa kushoto mezani. Anajifunga kitambaa cha mashine ya kupimia presha, anabonyeza kitufe, kisha anatulia tuli kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Mashine inavuma, inabana, inaachia. Namba zinatokea: 171 juu, 104 chini.

"Imeanza tena," anasema, na kufungua daftari la kazi. Kwenye safu iliyoandikwa "Hali ya mashine" anaandika neno moja: mbovu.

Mumewe, seremala, anachungulia mlangoni akiwa na mswaki mdomoni.

"Hiyo mashine ina chuki na wewe, mke wangu."

"Na ile ya kwanza nayo ilikuwa na chuki?"

"Labda zimeambiana."

Mtaani kwao wanamwita Bi Presha. Ana miaka arobaini na saba, na kwa miaka miwili sasa kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba akiwapima watu kwa ajili ya utafiti wa kuzuia magonjwa ya moyo. Watafiti wanataka kujua kama mtu akitembelewa nyumbani kila mwezi, akapimwa na kukumbushwa dawa, chumvi na mazoezi, ataepuka kiharusi na mshtuko wa moyo kuliko yule anayeachwa aende kliniki kwa hiari yake. Bi Presha ana nyumba sitini na nne, watu mia moja na tisa. Kwa siku anatembea karibu kilomita tisa. Mshahara wake, anasema, "unatosha kula, hautoshi kunenepa."

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, mpimaji hujipima. Si kwa ajili ya afya yake. Ni kuhakikisha mashine inafanya kazi, na ikitoa namba za ajabu, irudishwe kwa fundi. Ndivyo walivyofundishwa. Wiki tatu zilizopita Bi Presha alipata 168, akairudisha mashine, akapewa nyingine. Ya pili ikampa 173. Nayo akairudisha. Hii ya leo ni ya tatu.

Hapo ndipo mambo yanapomchanganya, na mwandishi wa makala haya hakuwa na msaada wowote. Kama mashine ni mbovu, namba zote alizochukua mwezi huu ni za kutupwa, na kuna watu walioanzishwa dawa kwa namba hizo. Kama mashine si mbovu, basi... Bi Presha anaiacha sentensi ikining'inia na kuanza kutafuta viatu vyake, ambavyo amekwisha kuvivaa.

Njiani kwenda kwa fundi anachangamka kidogo. Anasimulia visingizio anavyopewa na watu wake namba zikiwa mbaya.

"Wengi watakuambia nimepanda ngazi. Mwingine, wewe umenitisha. Mwingine, hiki chumba kina baridi. Kuna mama mmoja aliniambia presha yake imepanda kwa sababu jirani yake amepita dirishani!"

"Na wewe huwaambiaje?"

"Huwaambia kaa dakika kumi, tupime tena. Presha haina haya. Itarudi palepale."

Karakana ya vipimo iko ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, katika jengo la ofisi ya utafiti. Ni chumba chembamba chenye meza moja na feni inayolia. Fundi, mwanamume wa makamo asiyependa kusumbuliwa, anatafuna mkate huku akifungua skrubu. Nyuma yake kuna rafu yenye mashine nane zilizopangwa safu. Zote, anaeleza, zilirudishwa na wapimaji kwamba ni mbovu. Zote amezifungua na hakuona kosa. Mbili kati ya hizo ni za Bi Presha.

"Si nilikuandikia karatasi kwamba ni nzima?" anamuuliza.

"Niliisoma. Nikadhani na wewe umekosea."

Fundi anaweka mkate chini. Anajifunga ile ya tatu mkononi: 126 kwa 80. Anamfunga mwandishi, ambaye hunywa kahawa kuliko maji na alitegemea mabaya zaidi: 119 kwa 77. Kisha anazishusha zile mbili za rafuni, na zote tatu anampima nazo Bi Presha, moja baada ya nyingine, mkono uleule. Namba za juu ni 172, 169 na 170.

"Mama," anasema fundi, na safari hii sauti imelainika, "mashine moja inaweza kusema uongo. Tatu zikae kikao zikubaliane uongo mmoja?"

"Nimepanda ngazi," anasema Bi Presha.

"Haya, kaa."

Anakaa dakika kumi. Inasoma 167.

"Hiki chumba kina baridi."

Fundi anazima feni.

Bi Presha anatazama mkono wake kama si wake. Kisha maneno yanamtoka kwa fujo. Chumvi aliipunguza tangu alipopata kazi hii. Sigara hajawahi kuionja. Mafuta anapima kwa kijiko. Anatembea mpaka soli za viatu zinamkimbia. "Sasa nifanye nini tena, jamani, nipae?"

Mama yake mzazi alianguka akikunja nguo, akiwa na miaka hamsini na miwili. Kiharusi. Ndiyo sababu Bi Presha aliomba kazi hii kabla hata ya kuuliza mshahara. Alidhani, anasema, ukikaa karibu na adui utamwona anavyokuja.

Muuguzi wa utafiti, aliyepigiwa simu na fundi, anamuuliza kama ana maumivu ya kifua, kichwa kikali, au macho kuona ukungu. Hana. Basi aje kesho asubuhi kliniki, bila kukosa. Kuhusu chanzo, muuguzi anasema wazi kwamba mara nyingi hakijulikani kimoja, ila kurithi huchangia sana, hata kwa mtu mwembamba anayejitunza.

"Mama hakuniachia hata sufuria," Bi Presha anasema baada ya kukata simu. "Akaniachia hiki?"

Machozi yanamlengalenga. Anapojizoa, anasema jambo ambalo ni wazi limemsumbua kwa wiki tatu. "Nilitamani iwe mbovu. Kumbe nilikuwa radhi watu mia moja na tisa wapimwe upya, ilimradi mimi mmoja nisiwe mgonjwa. Ni moyo gani huo?"

Fundi anamrudishia mashine yake ya tatu, na kwa kuwa kazi ni kazi, Bi Presha anaondoka.

Nyumba ya kwanza siku hiyo haikuwa nyumba, bali kibanda cha fundi viatu mwenye miaka sitini na mitatu. Ameandikiwa vidonge vya presha tangu miezi mitano iliyopita na hajameza hata kimoja. Anavihifadhi kwenye kopo la misumari. Kila mwezi Bi Presha humsomea somo, na kila mwezi yeye hujibu kwamba hajisikii chochote.

Leo Bi Presha anamfunga kitambaa bila neno. Inasoma 161 kwa 98.

"Mbona leo huhubiri, mwanangu?"

"Nihubiri nini, baba. Utaniambia hujisikii chochote."

"Kwani nasikia nini? Sisikii chochote."

"Hata mimi."

"Hata wewe nini?"

Anamwambia. Mzee anacheka kwanza, kicheko kirefu, mpaka anapouona uso wake. Anaweka nyundo chini.

"Kwa hiyo umo ndani na wewe? Na hujisikii kitu?"

"Sijisikii kitu."

"Halafu huku ndani mishipa inachakaa."

"Ndivyo wanavyosema."

"Wanaosema si ndio wewe!"

Mzee anafungua kopo, anachakura katikati ya misumari na kutoa pakiti ambayo haijafunguliwa. Anamnyooshea. Bi Presha anaisukuma kwa upole: dawa haziazimwi, na za kwake atapewa kesho.

"Basi mimi naanza leo," anasema mzee. "Lakini kesho ukitoka kliniki upite hapa umeze mbele yangu. Nisije nikawa mimi peke yangu mjinga niliyekusikiliza."

Anameza kwa maji ya chupa, anakunja uso, na kurudi kwenye kiatu chake.

Bi Presha anavuta kigoda na kufungua daftari. Anakata "mbovu" mara tatu, na juu ya kila moja anaandika "nzima". Anatafuta mahali pa kuandika habari ya mpimaji, lakini daftari halina safu hiyo. Anaandika pembeni, kwa herufi ndogo: mpimaji, 170 kwa 102.

Jioni atamwambia mumewe. "Atanitania kwanza, halafu hatalala," anasema. Na kesho, akitoka kliniki, kabla ya kupita kwa fundi viatu, atapanda tena zile ngazi hadi ghorofa ya tatu. Wapimaji wa utafiti huu wako kumi na wanne, na wote hujipima kila asubuhi kama yeye.

"Ile rafu ina mashine nane nzima," anasema, akifunga begi. "Mbili zilikuwa zangu. Nataka fundi aniambie zile sita zimetoka kwenye mikono ya nani."